SQLite, MariaDB au PostgreSQL: ipi ya kufundishia somo la kwanza la kanzidata chuoni?

Mwanachuo anayeanza kanzidata akiandika amri sahihi, mifumo yote humjibu sawasawa. SELECT ya kuuliza data ni ile ile, JOIN ya kuunganisha majedwali ni ile ile, na wastani wa alama haubadiliki kwa sababu umehamia programu nyingine. Tofauti hujitokeza anapokosea, naye atakosea kila kipindi. Ataandika neno penye namba, ataingiza matokeo ya mwanafunzi asiyekuwepo, ataipa namba ya simu aina ya INTEGER, yaani namba kamili, kisha ashangae sifuri ya mbele imekwenda wapi. Kwa hiyo hapa siulizi mfumo upi una kasi au upi unabeba mamilioni ya mistari, maana somo la kwanza halifiki huko. Nauliza mwanafunzi akikosea, mfumo unafanya nini?

Ninamwandikia mkufunzi wa ngazi ya cheti au stashahada, mwenye maabara ya kompyuta za kawaida zinazotumia Windows, wanafunzi wengi kuliko mashine, na intaneti ya kubahatisha. Kama mtaala wa chuo chako unataja programu kwa jina, fuata mtaala, ila soma sehemu ya makosa hapa chini ujue utakachokutana nacho.

Ambazo naziweka kando

Microsoft Access imefundisha wengi tangu 1992, na kwa karani wa ofisi anayetaka fomu na ripoti za haraka bado inafaa. Kwa somo hili ina kasoro moja kubwa: mwanafunzi anaweza kumaliza muhula akiburuta majedwali kwa kipanya bila kuandika SQL yoyote, yaani lugha ya amri za kanzidata. Anapoiandika, anakuta LIKE ya kutafuta maandishi inataka nyota badala ya asilimia, na JOIN za majedwali matatu zinadai mabano ambayo hatayakuta popote pengine. Tena ni ya Windows tu na inalipiwa.

Oracle ni mfumo wa benki na mashirika makubwa. Toleo lake la bure lipo, lakini kompyuta yenye RAM ya GB 4 italalamika kabla mwanafunzi hajaingia. Isitoshe, Oracle inahesabu neno tupu kuwa ni NULL, yaani thamani isiyojulikana, na hilo humvuruga mwanafunzi ambaye ndiyo kwanza umemweleza kwamba kutokuwa na jina la kati na kutojulikana kwa jina la kati ni mambo mawili.

MongoDB na jamaa zake wasiotumia majedwali wasubiri. Somo la kwanza ni la majedwali, funguo na uhusiano, yaani kazi ambayo Edgar F. Codd wa IBM aliianzisha kwa makala yake ya 1970. Anayeielewa hiyo atajifunza MongoDB mwenyewe baadaye. Anayeanzia MongoDB huchelewa sana kuelewa kwa nini jina la mteja halipaswi kurudiwa katika kila oda.

Wanabaki watatu: SQLite, MySQL pamoja na ndugu yake MariaDB, na PostgreSQL. Zote ni za bure.

Siku ya kwanza maabara

Hapa SQLite haina mpinzani. Ni programu ndogo, megabaiti chache tu ukijumlisha na dirisha lake la amri. Haihitaji seva, nywila wala ruhusa ya msimamizi wa maabara. Unainakili kwenye flashi, unaibandika, unaifungua. Kanzidata nzima ni faili moja. Mwanafunzi wa asubuhi anaondoka na faili lake, wa mchana anakuja na la kwake, wala hakuna anayefuta majedwali ya mwenzake. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, faili hurudi katika hali yake ya mwisho iliyokamilika. Na asiye na laptopu anaweza kufanya zoezi kwenye simu ya Android kupitia Termux, programu ya dirisha la amri, ambayo inamchukua bando kidogo siku ya kusakinisha, basi.

MariaDB huja vyuoni ndani ya XAMPP, kifurushi cha seva ya tovuti, kwa sababu somo la PHP, lugha ya kuandikia tovuti, linaihitaji na fundi wa maabara ameshaiweka. Hiyo ni faida halisi, usiidharau. Mwanafunzi anabofya Start, anafungua phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia kanzidata, kwenye kivinjari, anaona majedwali. Lakini phpMyAdmin ina ugonjwa wa Access: vitufe vingi mno. Ukitoa zoezi la CREATE TABLE, amri ya kutengeneza jedwali, bila kusimamia, nusu ya darasa litajaza fomu na kunakili amri ambayo phpMyAdmin imewaandikia. Jambo la pili, umeme ukikatika XAMPP huweza kugoma kuwaka tena, ikisema MySQL imezimika bila kutarajiwa. Waliofundisha nayo wanaujua ujumbe huo kwa moyo. Fundi akiwepo atanyoosha. Asipokuwepo, mashine hiyo imetoka kwenye kipindi.

PostgreSQL ndiyo nzito kuliko zote kuisakinisha. Kifurushi chake cha Windows ni mamia ya megabaiti, kinadai nywila ya mtumiaji aitwaye postgres, na nywila hiyo ndiyo kitu cha kwanza darasa litakachosahau. Ukiiweka kwenye kila kompyuta utajuta. Njia nzuri ni kuiweka kwenye mashine moja tu iwe seva ya maabara, kila mwanafunzi apewe jina lake, nywila yake na kanzidata yake, kisha kompyuta nyingine ziunganishwe kwa waya wa mtandao wa ndani. Intaneti haihitajiki hata kidogo. Utatumia mchana mzima kuandaa, lakini faida yake utaiona kwenye somo la miamala.

Makosa yale yale mbele ya mifumo mitatu

Tengeneza majedwali mawili, `mwanafunzi` na `matokeo`. Safu ya alama iwe INTEGER yenye CHECK, yaani sharti la thamani, ya 0 hadi 100, na namba ya mwanafunzi katika `matokeo` iwe ufunguo wa kigeni unaorejelea jedwali la `mwanafunzi`. Kisha mkosee mfumo kwa makusudi.

| Kosa | SQLite | MariaDB ya XAMPP | PostgreSQL |
|---|---|---|---|
| Neno 'kumi' kwenye safu ya alama | Bila CHECK inalihifadhi hivyo hivyo | Hali kali (strict mode) ikiwa imewashwa inakataa. Ikiwa imezimwa inaandika 0 na onyo | Inakataa |
| Matokeo ya mwanafunzi asiyekuwepo | Inapokea, mpaka uwashe ulinzi | Inategemea ufunguo uliuandika vipi | Inakataa |
| Alama 140 | Inakataa | Inakataa | Inakataa |
| Safu iliyoachwa nje ya GROUP BY (amri ya kupanga kwa makundi) | Inajibu | Inajibu | Inakataa |

Jedwali hili linahitaji maelezo, kwa sababu kila "inapokea" ina kisa chake.

SQLite iliandikwa na D. Richard Hipp mwaka 2000 iwe nyepesi na isiyobagua. Aina ya data kwake ni pendekezo: ukisema safu ni INTEGER, itajaribu kugeuza unachoingiza kuwa namba, ikishindwa inakipokea kama kilivyo. Tangu toleo la 3.37 la 2021 unaweza kuandika neno STRICT mwishoni mwa CREATE TABLE, nayo itaanza kukataa. Tatizo ni kwamba STRICT haitambui VARCHAR wala DATE, kwa hiyo mifano ya vitabuni haitaingia bila kubadilishwa. Ufunguo wa kigeni nao huandikwa vizuri tu, lakini haulindwi mpaka utoe amri `PRAGMA foreign_keys = ON;` kila unapofungua kanzidata upya. Mwanafunzi aliyeisahau amri hiyo nyumbani atakuletea kazi yenye matokeo ya watu hewa, huku akiapa kwamba ufunguo aliuweka. Na kweli aliuweka.

Upande wa MariaDB na MySQL kuna historia. MySQL ilianzia Sweden mwaka 1995, ikalenga tovuti, ambako ukurasa kufunguka ni muhimu kuliko data kuwa safi. Kwa miaka mingi ilipokea chochote, ikarekebisha kimyakimya na kuacha onyo ambalo hakuna aliyelisoma. Sun iliinunua 2008, Oracle ikainunua Sun 2010, huku Michael Widenius, mmoja wa waasisi, akiwa ameshajitenga 2009 na kuanzisha MariaDB. Mifumo yote miwili imejirekebisha sana. MySQL ya kabla ya 8.0.16, iliyotoka 2019, ilisoma CHECK ikaipuuza, hivyo alama 140 iliingia bila wasiwasi, leo inakataliwa. Hali kali ya data nayo sasa huja ikiwa imewashwa katika matoleo mapya, isipokuwa mahali ambapo faili la mipangilio limeizima. Ndiyo maana kwenye XAMPP usikisie. Andika `SELECT @@sql_mode;` uone mwenyewe.

Ufunguo wa kigeni katika MariaDB una mtego ambao sijaona kitabu cha wanaoanza kikiutaja vya kutosha. Ukiandika REFERENCES papo hapo kwenye mstari wa safu yenyewe, kama kiwango cha SQL kinavyoruhusu, MariaDB za kabla ya 10.5 huisoma, hutikisa kichwa na hazifanyi chochote. XAMPP 8.2.12 ina MariaDB 10.4. Kwa hiyo mwanafunzi anayefuata mfano sahihi kabisa wa PostgreSQL anapata jedwali lisilo na ulinzi, wala haambiwi. Lazima aandike FOREIGN KEY kama sharti linalojitegemea mwishoni mwa jedwali. Mkufunzi asiyejua hili atamwambia mwanafunzi amekosea, kumbe hajakosea.

PostgreSQL inakataa makosa yote manne, tena inaeleza. Ukiingiza matokeo ya namba isiyopo, inakutajia namba yenyewe na jina la jedwali ambamo imeikosa. Ukikosea jina la safu, inaweka alama chini ya neno lenye kosa na wakati mwingine inauliza kama ulimaanisha safu fulani yenye jina la karibu. MariaDB ikikuta kosa la sentensi inakuelekeza ukasome mwongozo, kisha inakuonyesha kipande cha amri kinachoanza *baada* ya kosa, na mwanafunzi hutumia dakika kumi akitafuta kasoro kwenye neno lisilo na kasoro. Ujumbe wote ni wa Kiingereza, ndiyo, lakini ule wa PostgreSQL ni mfupi na unanukuu data ya mwanafunzi mwenyewe, kwa hiyo hata Kiingereza cha kuungaunga kinaufikia.

Nayo haikosi ubaya wake. Tarehe ukiiandika kama tunavyoandika sisi, 05/12/2023, PostgreSQL iliyosakinishwa kwa mipangilio ya Kimarekani itaisoma kuwa tarehe 12 Mei, wala haitanung'unika. Itanung'unika tu siku ikipita 12. SQLite yenyewe haina aina ya tarehe kabisa. Inahifadhi maandishi, na ukiyapanga kwa ORDER BY tarehe 05/12/2023 inatangulia 06/01/2022. Fundisha 2023-12-05 tangu siku ya kwanza, kwenye mfumo wowote, jambo hili lisikupotezee muda.

Namba ya simu na namba ya NIDA

Mifano ya data iliyoletwa na programu hizi haiwasaidii wanafunzi wetu. Northwind ya Microsoft ina wateja wa Ulaya wanaonunua jibini. Mwanafunzi wa Morogoro akipata jibu lisilo sahihi hawezi kuligundua kwa macho, kwa sababu hajui jibu sahihi lingefananaje. Tumia SACCOS: wanachama, hisa, mikopo, marejesho. Kila mtu darasani ana mama au mjomba aliyemo kwenye moja.

Na wanachama wa SACCOS wana namba. Acha darasa lichague aina ya safu wenyewe, na wengi watachagua INTEGER kwa sababu "ni namba". Ingiza 0754000111: sifuri inapotea katika mifumo yote mitatu, kwa haki kabisa. Watarekebisha kwa kuanza na 255. Sasa mifumo inaachana. PostgreSQL inakataa 255754000111, kwa kuwa INTEGER yake inaishia 2,147,483,647. SQLite inaipokea vizuri, maana namba zake ni kubwa zaidi. MariaDB iliyozimwa hali kali inaandika 2147483647 na kuendelea, na mwanachama anayefuata pia anapewa 2147483647, na mwingine. Aliyewahi kurithi mfumo wa duka ulioandikwa kwa PHP ya zamani amekutana na wateja hao wote wenye simu moja.

Namba ya Kitambulisho cha Taifa ni tamu zaidi. Ina tarakimu 20 na huanza na tarehe ya kuzaliwa. BIGINT, aina kubwa ya namba kamili, inaishia kwenye tarakimu 19. PostgreSQL inakataa. MySQL na MariaDB zina BIGINT UNSIGNED inayofika 18,446,744,073,709,551,615, yaani inamtosha mwananchi aliyezaliwa mwaka 1844 au kabla yake. SQLite inaigeuza namba hiyo kuwa ya desimali, tarakimu za mwisho zinapotea, na watu wawili waliozaliwa siku moja kata moja wanaweza kugeuka mtu mmoja. Mwanafunzi aliyeona hayo hatasahau kwamba kitu usichokijumlisha wala kukigawanya ni maandishi, hata kama kimejaa tarakimu. Kwa zoezi hili nampa PostgreSQL ushindi, ila kiukweli kuziona tatu pamoja ndiyo bora. Ukiwa na projekta moja na mashine moja ya mkufunzi yenye mifumo yote, inatosha.

GROUP BY, mahali pa kubishana

Muulize mwanafunzi amtafute aliyeongoza katika kila kozi. Karibu wote wataandika:

`SELECT kozi, jina, MAX(alama) FROM matokeo_yote GROUP BY kozi;`

PostgreSQL inakataa: `jina` halimo kwenye GROUP BY. MySQL ya kuanzia 5.7 nayo inakataa. MariaDB inajibu, ikichukua jina lolote la kundi hilo, kwa hiyo alama ni ya Neema na jina ni la Baraka. SQLite inajibu pia, na hapa ina ukarimu wa ajabu: penye MAX au MIN moja, inachukua jina kutoka mstari ule ule wenye alama hiyo. Jibu linatoka sahihi! Mwanafunzi anaridhika. Kesho anabadilisha MAX kuwa AVG, jina linabaki kwenye jibu bila maana yoyote, naye hana sababu ya kulitilia shaka kwa kuwa jana lilikuwa sawa.

Wapo wakufunzi wanaosema kukataliwa kunawavunja moyo wanaoanza. Sikubaliani nao. Kinachovunja moyo ni kupewa sifuri kwenye mtihani kwa jibu ambalo kompyuta ililipokea muhula mzima.

Kuhusu NULL, usihangaike kuchagua. Aliyepata sifuri na ambaye hakufanya mtihani wanatofautiana vilevile kwenye mifumo yote mitatu: AVG ya 60, 40 na NULL ni 50, na `WHERE alama < 40` haimleti ambaye hakufanya. Ila ujue kwamba dirisha la amri la PostgreSQL na la SQLite huonyesha NULL kama nafasi tupu, sawa na neno tupu. Kabla ya somo hilo andika `\pset null NULL` kwenye psql, au `.nullvalue NULL` kwenye sqlite3. MariaDB inaonyesha yenyewe.

Miamala

Hii ndiyo mada ambayo SQLite inashindwa kuibeba darasani, ingawa miamala inayo. Darasa letu halihitaji maelezo marefu ya muamala ni nini. Kila mmoja amewahi kutuma pesa kwa simu na kusubiri ujumbe huku moyo ukidunda. Shilingi 10,000 zitoke kwa mmoja na ziingie kwa mwingine, au lisitokee lolote.

Zoezi zuri ni la watu wawili kwenye kompyuta mbili na kanzidata moja. Wa kwanza anafungua muamala kwa BEGIN na kupunguza salio bila COMMIT ya kuukamilisha. Wa pili anasoma salio. Kwenye PostgreSQL na MariaDB anaona salio la zamani, kama inavyopaswa. Wa pili naye akijaribu kupunguza salio lile lile, dirisha lake linasimama likingoja. Darasa huwa linanyamaza hapo. Wa kwanza akitoa COMMIT, la pili linaachiwa. SQLite kwa kawaida haimwachi wa pili angoje. Inamwambia kanzidata imefungwa na kumrudisha, kwa sababu inafunga faili zima kwa mwandishi mmoja. Na faili moja kushirikiwa na kompyuta mbili kupitia folda ya mtandao ni jambo ambalo waandishi wake wenyewe wanalionya.

Kati ya MariaDB na PostgreSQL kuna tofauti ya kufurahisha kwa darasa lililosonga mbele. Wa pili akiwa ndani ya muamala wake na ameshasoma salio, wa kwanza akatoa COMMIT, wa pili akisoma tena: PostgreSQL inampa salio jipya, MariaDB inaendelea kumpa la zamani mpaka amalize. Yote mawili ni sahihi kwa kanuni tofauti. Kwa stashahada ya mwaka wa kwanza ningepita haraka.

Jambo la kutopita haraka ni hili: MariaDB ikikuta CREATE TABLE au DROP TABLE katikati ya muamala, inatoa COMMIT yenyewe. ROLLBACK ya baadaye, amri ya kutengua muamala, haimrudishii mwanafunzi jedwali alilofuta. PostgreSQL na SQLite zinalirudisha. Kwa darasa la watu wanaojifunza kwa kuharibu, hiyo si faida ndogo.

Kazi baada ya chuo

Hoja kubwa ya wanaoshikilia MySQL ni ajira, na ina uzito. Kampuni nyingi zinazouza nafasi za tovuti hutoa MySQL au MariaDB kwenye kila kifurushi, na WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, kwa kawaida huhitaji moja ya hizo. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliokua kutokana na kazi ya Eldoret nchini Kenya tangu 2004, unatumia MySQL. Lakini DHIS2, ambayo wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hukusanyia takwimu za vituo vya afya, iko juu ya PostgreSQL. Na SQLite imo ndani ya kila simu ya Android, kwa hiyo anayetaka kuandika programu za simu ataikuta tu. Hakuna kati ya hizi tatu itakayomfungia mhitimu mlango. Aliyejifunza SQL ya PostgreSQL huhamia MySQL kwa siku chache, akilalamika kwamba FULL JOIN haipo. Anayetoka MySQL kwenda PostgreSQL huchukua muda zaidi, kwa sababu makosa aliyozoea kusamehewa yanaanza kudaiwa, likiwemo la kuweka maandishi ndani ya alama mbili za kunukuu. PostgreSQL inazichukua alama hizo kuwa jina la safu.

Ningegawaje muhula

Vitabu vingi huanza na michoro ya vitu na uhusiano, ile ya Peter Chen ya 1976, kisha nomalaizesheni, yaani kugawa majedwali ili data isirudiwe, kisha SQL. Mimi naigeuza. Wiki za mwanzo mpe mwanafunzi kanzidata ya SACCOS iliyokamilika aiulize maswali. Halafu mpe jedwali moja baya lenye jina la mwanachama limerudiwa kwenye kila rejesho la mkopo, mwambie abadilishe namba ya simu ya mtu mmoja. Akishaibadilisha mahali pamoja na kuisahau pengine, nomalaizesheni inajieleza. Michoro ifuate hapo.

Kwa mpangilio huo, kuanza na SQLite na kuhamia PostgreSQL kunakaa vizuri. Maswali ya SELECT hayahitaji mfumo mkali, yanahitaji mfumo unaowaka kwenye kila mashine na kwenye simu ya mwanafunzi hosteli. Mfike CREATE TABLE, hamieni kwenye seva ya maabara. Uhamisho wenyewe ni somo: faili la SQLite lililojaa uchafu wa wiki tano likikataliwa mstari kwa mstari na PostgreSQL, darasa linaona ni nini kilikuwa kinapita.

Chuo chenye maabara dhaifu sana au kisicho na fundi kibaki na SQLite tu, kwa sharti kwamba STRICT na PRAGMA ziandikwe juu ya kila karatasi ya zoezi na muamala wa watu wawili mkufunzi auonyeshe kwenye mashine yake.

Na kama XAMPP haiepukiki kwa sababu ya somo la PHP, itumie, lakini ifunge mikanda kwanza. Fungua `my.ini`, chini ya sehemu ya `[mysqld]` weka `sql_mode=STRICT_TRANS_TABLES,ONLY_FULL_GROUP_BY,ERROR_FOR_DIVISION_BY_ZERO,NO_ENGINE_SUBSTITUTION`, iwashe upya, kisha jaribu kuingiza 'kumi' kwenye safu ya alama. Rudia kwenye kila kompyuta ya maabara kabla wanafunzi hawajaingia, kwa sababu moja iliyosahaulika itatoa majibu tofauti na zote, na ubishi wa kipindi kizima utakuwa kwenye mashine hiyo.